Sababu Ambazo Gazeti Halikuandika

Perth, Australia, 16 Februari 2025

Colman,

Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu nitapandisha sauti, na wewe sijakugombeza tangu siku uliyomwaga wino kwenye sketi yangu tukiwa darasa la tano.

Nimekuona gazetini. Jirani yetu wa kijijini Doohoma alinitumia picha ya ukurasa: wewe na tai nyekundu, umeegemea gari jeupe, na juu yake wameandika kwamba mauzo ya magari mapya Ireland yamepanda tena. Wakakuuliza kwa nini, ukajibu kama waziri. Riba imeshuka. Magari ya umeme yamepungua bei. Meli zinaleta mzigo kwa wakati. Watu wamechoka kutengeneza mabovu.

Basi mmoja wa watu hao ni baba yangu, na huyo ndiye ninayetaka kukuuliza.

Mama tulimzika Oktoba, unajua, ulikuwepo. Januari baba akaja kwako na gari la mama akaondoka na jipya. Mimi na kaka Enda hatukuambiwa. Nilipompigia akasema tu, "La mama yako limekufa," kisha akahamia kwenye habari za mvua. Sasa jirani ananiambia hilo jipya limo bandani limefunikwa turubai, halitoki. Baba haendi misa. Haendi dukani mpaka mtu ampitie.

Enda amepata la kusema. Unamjua kaka yangu, akiwa Dublin anajua kila kitu cha huku kwetu Mayo. Anasema mzee wa miaka themanini na moja anayenunua gari jipya halafu analifunika turubai, akili yake imeanza kuondoka, na asiachwe peke yake mwisho wa barabara ile. Anataka ahamie nyumba ya wazee pale Belmullet kabla ya kiangazi. Baba akitoka kwenye nyumba ile, Colman, hatarudi. Mimi najua na yeye anajua.

Wewe ulikuwa naye siku ile. Niambie tu. Gari la mama lilikuwa limekufa kweli? Na baba alikuwa timamu?

Attracta


Belmullet, 3 Machi 2025

Mpendwa Attracta,

Barua yako imenifurahisha kuliko ulivyodhani, ingawa nimeona una moto. Huku upepo umeng'oa bango letu mara ya pili. Mke wangu anasema hiyo picha ya gazetini imeninenepesha. Nimemwambia kamera haina kosa.

Kuhusu gari la marehemu mama yako. Niliingia chini yake mimi mwenyewe. Kutu ilikuwa imekula chasisi, lisingepita ukaguzi hata mkaguzi angekuwa mjomba wako. Kumwacha mzee aendelee nalo ingekuwa dhambi. Na usione ajabu mzee kutaka gari jipya. Unawajua watu wetu: namba ya gari inataja mwaka, basi Januari ikifika kila mtu anachungulia uani kwa mwenzake kuona nani ana namba ya mwaka mpya. Wengine hawapendi gari, wanapenda namba. Tukiongeza na yale niliyosema gazetini, ndiyo maana mauzo yanapanda.

Kuhusu babako, sipendi kusema sana. Alikuwa mpole. Ila kwa kuwa umeniuliza kama rafiki: aliniuliza kitu kilekile mara mbili, na kuna wakati alikaa kimya muda mrefu akiangalia nje. Labda ni msiba, labda ni umri. Mimi si daktari.

Hilo gari jipya ni zuri, lina kila kitu. Atalizoea.

Wako,
Colman Ruddy


Perth, 23 Machi 2025

Colman,

Asante. Haikuwa barua rahisi kuandika, naona.

Niliisoma mara nyingi, halafu nikampelekea Enda picha yake. Nilikuwa nimempinga mwezi mzima. Nilipofika pale uliposema baba alirudia swali na kukaa kimya, nikachoka kupinga. Enda amepata kitanda pale nyumba ya wazee. Baada ya Pasaka atakuja na daktari, wamhoji baba, kisha wamhamishe.

Kuna jingine lililonimaliza. Jumapili nilimpigia baba. Alikuwa na furaha, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi. Akaniambia, "Attracta, leo nilikuwa nimesimama getini, nimeliona gari la mama yako. Limepita kwenda kanisani." Nikamwambia baba, gari la mama lilikufa, lilishapondwa. Akasema, "Nimeliona, binti. Namba yake naijua kuliko yangu ya simu." Kisha akahamia tena kwenye habari za mvua, kama mtu aliyegundua amesema mbele ya mtu asiyefaa.

Nilimwambia Enda. Akasema: sasa unaona. Anamwona mama barabarani.

Angalau wewe ulitueleza ukweli mapema. Mpitie kabla hajahama, ukiweza. Anakupenda, huwa anasema mama yako alikuwa mcheshi kuliko wote kijijini.

Attracta


Belmullet, 6 Aprili 2025

Attracta,

Kabla hujasoma zaidi: nimeshampigia Enda, na nimeshamwandikia daktari. Sikungoja posta. Lakini wewe ndiye niliyekuandikia uongo, kwa hiyo wewe lazima nikuandikie ukweli, kwa mkono huuhuu.

Babako hamwoni mama yako barabarani. Ameliona gari lake. Lipo, linatembea. Lilipita ukaguzi Februari bila hata kubadilishwa taa.

Sikuingia chini yake. Fundi wetu aliingia, akatoka akasema, "Hili mtu amelipaka grisi kila mwaka, Colman, litatuzika sisi." Mimi nikaenda mbele kwa babako aliyekuwa ameketi na kofia mkononi nikamwambia, "Mzee Festus, pole. Chasisi imeoza. Limekufa."

Nakuambia kwa nini, na si kwa kujitetea. Ofisini kwetu kuna ubao ukutani wenye majina ya wauzaji, na Januari ndiyo mwezi wetu, kwa sababu ya hiyo namba ya mwaka mpya. Atakayelala Januari amelala mwaka mzima. Mimi jina langu lilikuwa chini kabisa. Bosi alisimama mbele ya wenzangu wote akasema, "Colman, bado unauza magari au siku hizi unahudhuria mazishi tu?" Wakacheka. Nikacheka na mimi.

Kuhusu mazishi alikuwa hajakosea. Huwa nakwenda yote. Hata ya mama yako nilisimama kwenye mstari kama kila mtu, nikampa babako mkono, nikasema pole kwa msiba. Na nikiwa bado nimeshika mkono wake, Attracta, jicho langu lilivuka bega lake likaenda kwenye gari lililoegeshwa ukutani kwa kanisa, nikasoma namba, nikasema moyoni: hili la zamani sana, mzee atahitaji jingine. Mkono wake ulikuwa baridi. Na mimi nilikuwa nawaza gari.

Hiyo ndiyo sababu moja ya mauzo kupanda ambayo sikumwambia mwandishi wa habari.

Lile gari kwa kawaida tungelipeleka mnada wa mbali. Lakini siku hiyohiyo alikuja dada mmoja, Jincy, muuguzi kutoka Kerala, India, anafanya kazi palepale nyumba ya wazee na amepanga nyumba kijiji cha Geesala. Akaniuliza, "Kaka, una gari ambalo halitanilaza njiani usiku nikitoka zamu?" Nikamjibu kweli tupu, pengine kweli pekee niliyosema mwezi ule: "Dada, ninalo moja, mwenyewe alilitunza kama mtoto." Nikamuuzia. Namba ya gari huku haibadiliki, inabaki nalo mpaka kufa, na Geesala na Doohoma wanasali pamoja. Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilifikiri wazee hawaangalii.

Sasa hilo la kuniuliza kitu kimoja mara mbili. Ni kweli aliniuliza mara mbili. Aliniuliza, "Una uhakika limekufa?" Nikasema ndiyo. Akaangalia nje dirishani, gari likiwa limesimama kwenye mvua. Kisha akauliza tena, "Colman, una uhakika?" Nikasema ndiyo. Hicho ndicho nilichokupa wewe kama dalili ya ugonjwa.

Barua yako ya pili ilifika Jumatano. Nilifunga ofisi nikaenda Doohoma. Babako alikuwa jikoni, redio inasema habari za bei ya kondoo. Akaniona mlangoni.

"Aa, muuza magari. Umekuja kuniuzia banda sasa?"

"Nimekuja kukuomba msamaha, Mzee Festus."

"Basi kaa. Msamaha haunyweki bila chai."

Akaweka chai na mkate wa soda. Mkate ulikuwa mgumu, ameuoka mwenyewe, akanitazama mpaka nikaumeza. Nikamwambia yote kama nilivyokueleza hapa. Hakuniingilia. Nilipomaliza akasema:

"Ile chasisi nani alikuwa anaipaka grisi, unadhani? Malaika?"

"Ulijua?"

"Colman, kijana wangu. Kila vuli nalala chini ya gari lile. Ningejua likiwa na kidonda cha ukubwa wa kucha."

"Sasa mbona ulisaini?"

Akainuka akaenda dirishani. Hakunitazama wakati akisema, na nitakuandikia kama alivyosema, maana wewe ndiye unayestahili kuyasikia.

"Delia ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi trekta, yeye gari. Maisha yangu yote nilikaa kiti cha kushoto nimeshika mayai. Alipokufa nikawa sina jinsi, nikaingia upande wake. Sasa yeye mfupi, mimi mrefu, siwezi kuingia bila kusogeza kiti nyuma. Nikakisogeza. Nikifika nyumbani nakirudisha mbele mahali pake. Asubuhi nakisogeza tena. Kila siku ninamtoa, Colman. Kila siku ninamtoa kwa mkono wangu. Kuliuza siwezi, kuliendesha siwezi. Nikaja kwako ukaniambia limekufa. Nikauliza mara mbili nikuone kama una moyo wa kuushikilia uongo wako. Ulikuwa nao. Nikasema asante Mungu, leo nimepata mwongo wa kunisaidia."

Nikajua kwa nini siku ile aliponikabidhi funguo alisema, "Mwambie fundi asiguse kiti." Nilidhani ni maneno ya wazee.

Attracta, nilihisi nimepona. Nilikuwa karibu kumshika mkono. Akageuka, na uso wake haukuwa wa mzaha tena.

"Usinishukuru. Uongo wa Januari tuliufanya wawili, mimi na wewe, hesabu tutatoa wote. Lakini jana Enda amenisomea kwenye simu barua uliyomwandikia binti yangu. Umeandika kwamba nasahau. Huo sikukuomba. Huo ulikuwa wa kujificha wewe mwenyewe nyuma ya mzee, na kwa sababu yake wanakuja kunitoa kwenye nyumba aliyofia mke wangu. Sasa nikisema nimeliona gari, mimi kichaa. Nikisema mimi si kichaa, ndivyo vichaa wanavyosema. Umeniacha na mdomo usio na kazi."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Sasa tumia mdomo wako wewe."

Palepale jikoni nikampigia Enda, babako akisikiliza. Nikamwambia nilidanganya kuhusu chasisi, nikakudanganya wewe kuhusu baba yenu, na gari linalopita kanisani ni lenyewe, na mwenye nalo anaitwa Jincy, aende akalione. Enda alininenea mambo ambayo nayastahili. Kesho yake nikamwandikia daktari hayohayo, nikasaini, nikamwambia bosi nimesaini. Bosi akasema kila muuzaji ana Januari yake, kwa nini niwe mtakatifu mimi? Amenihamishia kaunta ya spea. Jina langu limefutwa ubaoni.

Nilikwenda pia kwa Jincy kumwomba aniuzie gari lile nilirudishe. Alinisikiliza akiwa amevaa sare, anataka kuingia zamu. Akasema, "Kaka, na mimi nitafika kazini na nini? Wewe ukitaka kutubu, usitubu kwa gari langu." Ni kweli. Nilikuwa nataka kulipa deni langu kwa mali ya mwingine, hata katika hilo sijaacha biashara.

Sijui kama barua hii itakufikia kabla ya daktari kufika kwa babako. Sikuombi unisamehe, ninachoomba ni uiamini, ingawa mkono ni uleule ulioandika ile nyingine.

Colman


Perth, 25 Aprili 2025

Colman,

Imefika Jumanne, baada ya daktari. Lakini daktari alikuwa na barua uliyomwandikia mfukoni, Enda ameniambia.

Daktari alimuuliza baba leo ni siku gani. Baba akasema, "Siku ambayo mwanangu amechoma petroli bure kutoka Dublin." Akamuuliza taifa linaongozwa na nani. Baba akamjibu kwa kirefu mpaka daktari akafunga kalamu. Kisha wakatoka nje wote watatu, na Enda akampeleka baba kanisani, Jumatatu ya Pasaka, wakasimama ukutani wakasubiri. Gari la mama likaja. Kaka yangu, ambaye hakulia makaburini, alilia mbele ya mwanamke asiyemjua aliyekuwa anatafuta pa kuegesha.

Kitanda kimerudishwa. Baba anabaki.

Yale ya kiti sikuyajua. Miezi yote hii nilikuwa namuuliza kama anakula. Hakuna aliyemuuliza anakaa kiti gani.

Umeniambia niamini. Naamini. Kusamehe ni kitu kingine, sijafika, na usinihimize. Uongo wa kwanza ningekusamehe leo, kama baba. Lakini mimi nilikuuliza kama rafiki ukanijibu kama rafiki, umeandika hivyo mwenyewe, "kama rafiki," na ulikuwa unaniuzia kitu. Nilipokea. Nikamsaliti baba yangu kwa mkono wako na nikakushukuru.

Nitakuja Agosti. Ukiniona njiani simama, usipite kando. Ila usinyooshe mkono wewe kwanza.

Attracta


Doohoma, 6 Julai 2025

Colman,

Simu siipendi, na wewe huko kaunta ya spea una kelele. Kwa hiyo naandika, na maandishi yangu uyavumilie.

Njoo ulichukue hilo gari lako bandani. Sitaliweza. Nikiweka mfuko wa viazi kwenye kiti linapiga kelele kwamba mfuko haujafunga mkanda. Kundi la kondoo likivuka, gari linafunga breki lenyewe kabla sijatukana. Mwambie atakayelinunua ukweli: limeendeshwa na mzee mmoja aliyeliogopa. Mwambie hivyohivyo, mbele ya bosi wako. Hiyo ndiyo adhabu yangu kwako, sina nyingine.

Gazeti limesema tena mauzo yamepanda. Nimeona safari hii kuna kijana mwingine na tai. Sababu zilezile. Nikacheka peke yangu jikoni.

Mambo ya misa yamepata njia. Yule Jincy alikuja hapa mwezi wa tano, bila kuitwa, na sahani ya wali wenye pilipili iliyonitoa machozi ambayo sikuwa nayo. Akasema, "Mzee, kila Jumapili napita mlangoni kwako na gari la mke wako, halafu wewe umesimama getini. Mimi naona aibu. Wewe huoni?" Nikamwambia mimi siingii upande wa usukani. Akasema, "Nani amekuambia nitakupa usukani wangu?"

Leo ameniendesha mara ya saba au ya nane, sihesabu. Nakaa kushoto. Namshikia mayai, ananunua kwangu sasa. Anaendesha taratibu kwenye kona kama Delia, na analitukana trekta la mbele kama Delia, ila kwa lugha yao.

Ile siku ya kwanza sikutaka kutazama kiti cha usukani. Nilijua fundi wako amekisogeza, na wewe, na kila aliyelijaribu. Tulipofika kanisani akashuka, nikageuza shingo.

Yule dada ni mfupi, Colman. Amekirudisha kiti palepale.

Festus Lavelle